Mzigo wa Nyuma: Pikipiki na Shoki Zake Kando ya Mto Tana

Kabla ya boda boda, pikipiki za Garsen zilihesabika kwa vidole, na kila moja ilikuwa na cheo chake. Kulikuwa na ya bwana shamba, ya bwana mifugo, ya polisi, ya katekista, na ya muuguzi aliyezungukia Wema na Hewani kuchanja watoto. Mlio ukisikika upande wa Minjila, watu wazima walimtaja anayekuja kabla vumbi halijaonekana. Mimi, mtoto wa Kipokomo niliyekulia ukingoni mwa mto, nilizitambua kwa migongo: hii ina kiti kirefu, ile ina keria ya chuma, ile nyingine imelalia kushoto kwa sababu shoki moja imekufa na fundi wa kuishughulikia hapatikani mpaka Malindi.

Sasa fundi ni mimi. Nipo njia panda ya Minjila, pale barabara itokayo Malindi inapogawanyika, mkono mmoja ukishika Garsen, Hola na Garissa, mwingine ukivuka mto kuelekea Witu na Lamu. Riziki yangu inatoka kwenye Boxer na TVS za vijana wa boda. Lakini mara kwa mara huletwa pikipiki ya enzi zile, imetolewa ghalani au chini ya mwembe, Honda XL125 au Yamaha AG100 au DT, pengine Suzuki TF125, na mwenyewe anataka itembee tena. Injini hainisumbui sana. Pistoni hupatikana, ringi hupatikana, karbureta husafishika. Panapoumiza kichwa ni nyuma, kwenye zile shoki mbili zinazobeba kiti, keria na mtu. Na kwa miaka niliyofanya kazi hii nimeona kwamba huwezi kumchagulia mtu shoki za kubadilisha kama hujui zile za kwanza zilitengenezwa zibebe nini, na mto huu ukazifanya nini baadaye.

Zamani barabara ilikuwa mto wenyewe. Wamethodisti walipokuwa Golbanti, ambako mmisionari John Houghton na mkewe waliuawa mwaka 1886, na Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walipojenga Ngao, mizigo ilipanda maji kwa mitumbwi na kwa mikono ya Wapokomo. Mtumbwi hubeba mzigo wake katikati na chini, ndiyo maana mtu mzima na magunia yake huvuka salama. Pikipiki imeumbwa kinyume. Mzigo wake hukaa nyuma na juu, na chochote utakachoongeza hukaa nyuma zaidi.

Pikipiki za Kiingereza za miaka ile ya mwanzo, nyingi hazikuwa na shoki za nyuma hata kidogo. Gurudumu lilifungwa kwenye fremu moja kwa moja, na kilichomwokoa mpandaji ni springi mbili zilizokaa chini ya kiti chake. BSA M20, iliyotengenezwa kwa zaidi ya 120,000 na kusambazwa na jeshi la Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa hivyo hivyo: mbele ina springi, nyuma kavu. Ujuzi wa kufanya vingine ulikuwepo. Philip Vincent aliweka hataza ya mfumo wake mwaka 1928, gurudumu la nyuma likishikwa na pembetatu ya vyuma yenye bawaba, springi zikilala chini ya kiti. Viwanda vikubwa vilikawia. Baada ya vita Triumph waliziingiza springi ndani ya kitovu cha gurudumu, jambo lililompa kila fundi hofu ya kukifungua. BSA na Norton waliweka springi fupi juu na chini ya ekseli, kila upande, gurudumu likapanda na kushuka kidogo tu.

Huo mfumo wa springi fupi nimeushika kwa mikono yangu. Karakana ya Malindi nilikojifunza kazi miaka ya 80 ilikuwa na fremu ya BSA Bantam imeegemezwa ukutani, na mzee aliyenifundisha aliitumia kama ubao wa darasa. Alinifanya niisukume kwa uzito wangu wote, nione inavyoshuka kisha inavyogoma. Halafu akanipeleka kwenye Bantam nyingine, ya baada ya 1956, iliyokuwa na mkono wa nyuma wenye bawaba na shoki mbili zilizosimama wima, moja kila upande. Nilipoikalia nilielewa bila kuelezwa. Sura hiyo Norton waliipata kwa ndugu wawili wa Belfast, Rex na Cromie McCandless, kwenye fremu ya mwaka 1950 iliyoitwa Featherbed. Triumph na BSA wakaanza kuifuata kwenye pikipiki zao kubwa mwaka 1954. Shoki mbili, mkono mmoja wenye bawaba. Ndiyo sura iliyofika Tana, na ukiinama nyuma ya Boxer iliyotoka dukani jana utaikuta ile ile.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu wateja wengi huchanganya kazi mbili za shoki. Springi ndiyo inayobeba. Unene wa waya wake, upana wake na idadi ya mizunguko yake huamua itashuka kiasi gani ukiweka mzigo. Ndani yake kuna pampu: fimbo ya chuma yenye kichwa kilichotobolewa, inayotembea ndani ya oili. Pampu haibebi kitu. Kazi yake ni kuikawiza springi, hasa inaporudi, kwa kuilazimisha oili ipite kwenye matundu madogo. Nguvu ya mtikisiko hugeuka joto, ndiyo maana shoki nzima iliyotoka safari ukiigusa huwa ya moto. Springi ikichoka, pikipiki hukaa chini. Pampu ikifa, pikipiki hubaki juu lakini hurukaruka kila ikikanyaga shimo, na tairi huachia ardhi pale unapolihitaji. Mtu ambaye pampu yake imekufa akinunua springi ngumu atarushwa zaidi, kisha atarudi kulalamika kwamba shoki mpya ni mbovu.

Waingereza walipanga springi zao kwa mtu mmoja wa uzito wa kawaida, na mtu wa pili mara moja moja, juu ya lami. Wajapani walipochukua soko walianza na hesabu hiyo hiyo.

Kwetu pikipiki ziliongezeka pamoja na miradi. Mashamba ya kumwagilia ya Hola yalianza miaka ya 50 kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, na ni pale, tarehe 3 Machi 1959, ambapo wafungwa 11 walipigwa na walinzi hadi kufa. Mfereji wa maji wa Hola hauwezi kutajwa bila kutajwa watu hao. Baadaye ukaja mradi mkubwa wa Bura, mwishoni mwa miaka ya 70, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. TARDA, mamlaka iliyoundwa mwaka 1974 kusimamia bonde la mto Tana na baadaye la Athi pia, ikaleta mashamba ya mpunga hapa deltani. Maafisa wakaja na miradi, na afisa wa nyanjani hawezi kukagua mitaro kwa miguu.

Katika pikipiki walizopanda, moja ilikuwa imefikiriwa hasa kwa kazi ya shamba. Yamaha AG100 ilitoka mwaka 1973 kwa wakulima na wafugaji wa Australia na New Zealand. Cheni yake imefunikwa yote, ina keria mbele na nyuma, ina stendi pande zote mbili ili uiegeshe kwenye mteremko wowote, na madigadi zake ni pana. Aliyeichora alikuwa amekanyaga tope. DT, ambayo ukoo wake ulianza na DT-1 ya mwaka 1968, ilikuwa ya vijana. Ilipendwa kwa mwendo. Honda XL125 ilikaa katikati, haina haraka, inakunywa petroli kidogo, na haihitaji kuchanganyiwa oili kwenye mafuta.

Kwenye DT ndipo historia ya dunia ilipoleta tatizo deltani. Mbelgiji mmoja, Lucien Tilkens, alibuni mfumo wa shoki moja ndefu iliyolala chini ya tangi, Yamaha wakaununua, na mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden akawa bingwa wa dunia wa motokrosi wa daraja la sentimita za ujazo 250 kwa kuutumia. Miaka michache baadaye mfumo huo ukaingia kwenye DT za barabarani. Kwa mbio ni kitu kizuri mno. Kwetu, shoki hiyo moja ikifa hakuna ya pembeni ya kukufikisha nyumbani, na kuipata nyingine ya urefu ule ni kazi ya miezi. DT za shoki moja nilizozijua karibu zote zimebaki mifupa. Zenye shoki mbili bado zinaletwa.

Kitu kingine kilibadilika miaka hiyo hiyo, kidogo machoni lakini kikubwa kwenye kazi yangu: shoki zilianza kulazwa. Waliogundua kwenye mbio kwamba ukiisogeza sehemu ya juu ya shoki mbele, gurudumu hupata safari ndefu zaidi, waliwaambukiza wenye viwanda, na pikipiki za njia mbovu zikawa na shoki zilizoinama. XL125 ni mojawapo. Nitarudi kwenye kuinama huko.

Kwa miaka kadhaa springi zile zilibeba kile zilichoundiwa: afisa mmoja, mkoba wa karatasi, pengine mche wa mwembe uliofungwa kwenye keria. Kisha miradi ikaanguka, na pikipiki zikabadilisha kazi. Mwaka 1989 Tana ulihama njia yake pale Hola, pampu zikabaki zimetazama mchanga. Mto huu huhama. Maziwa kama Shakababo na Bilisa ni nyayo zake za zamani. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikavunja kingo za mashamba ya mpunga ya delta, na maji yakakaa mahali palipopangwa mpunga. Maafisa wakahamishwa au wakastaafu. Pikipiki zikauzwa kwa mnada au zikabaki na waliokuwa nazo.

Hapo ndipo shoki zilipoanza kuumia kwelikweli. Pikipiki iliyomzoea mtu mmoja ikaanza kubeba maembe ya Ngao kwenda barabarani, kambare wa maziwani waliokaushwa, na maziwa ya akina mama wa Kiorma kwenye madumu ya lita 20, mawili kila upande, usiku usiku ili yafike Minjila kabla hayajaganda. Ilibeba mama mwenye uchungu kuelekea hospitali ya Ngao, dada yake nyuma akimshikilia. Fundi aliye kijijini alifanya alichoweza. Aliongeza springi ya pili ndani ya ya kwanza, ya kutoka pikipiki nyingine iliyokufa. Alikata duara za mpira wa tairi la lori akazishindilia kati ya mizunguko. Aliyejaliwa mashine ya kuchomelea alitoboa mwili wa shoki, akaijaza oili ya injini, akaziba kwa bolti. Oili ya injini ni nzito mno kwa kazi hiyo: gurudumu likigonga shimo halirudi kwa wakati, linakutana na shimo la pili likiwa bado limekunjika, na baada ya mashimo matano shoki imesimama chini kama gogo. Lakini ilifika. Siwezi kuwadharau watu hao. Walikuwa wakirefusha maisha ya kitu ambacho hakuna duka lililokiuza.

Wengi hudhani uzito ndio unaoua shoki za delta. Uzito huua springi, na springi huonekana. Muuaji mwingine haonekani haraka: maji ya mafuriko na ule udongo mweusi unaonata. Tangu mafuriko ya 1961 wanayoyasimulia wazee, hadi ya 2018, ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024, tumekuwa tukivusha pikipiki kwa mitumbwi, tukizisukuma kwenye maji ya kiunoni, tukizianika. Fimbo ya shoki ina ngozi nyembamba ya kromi. Tope likikauka juu yake, kisha fimbo ikapanda na kushuka, mchanga huikwaruza. Unyevu huingia kwenye mkwaruzo, kutu huchimba vidonda vidogo vya ukubwa wa punje ya mtama, na kila kidonda kikipita kwenye sili ya oili huikata kidogo. Oili huanza kutoka jasho. Mwenye pikipiki haoni neno mpaka siku anaporushwa. Kwa watu wa Kipini na Ozi ongeza chumvi ya bahari, na muda wa shoki hukatika nusu.

Ndiyo sababu namtazama kwa heshima yule aliyezitengeneza shoki za miaka ya 50 zikiwa zimevaa makopo ya bati. Kopo la juu hulifunika la chini, na fimbo haionekani kamwe. Kuelekea miaka ya 70 mtindo ulibadilika, watu wakataka springi zinazong'aa, zilizo wazi, na pikipiki za michezo zikavua makopo. Zile za kazi ziliendelea kuyavaa muda mrefu zaidi. Wakati wa kiangazi sura haina madhara. Wakati wa mafuriko, kopo lile la bati ni thamani ya shoki nzima.

Kisha ikaja bajeti ya mwaka 2008. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Amos Kimunya, aliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya sentimita za ujazo 250, na nchi nzima ikajaa pikipiki za Kichina na za Kihindi. Kwetu zilifika Garsen kwa malori, zikiwa bado ndani ya fremu za usafirishaji. Miaka ya mwanzo za Kichina zilikuwa nyingi. Baadaye Boxer ya Bajaj na TVS zikatawala, na sababu moja iko nyuma. Wahindi walikuwa wameshaishi na mzigo huo kwao, kijana mmoja na familia yake, gunia na mtungi. Boxer ikaja na springi ndani ya springi: laini inaanza, na mzigo ukizidi ile ngumu inapokea. Jambo ambalo fundi wa kijijini alikuwa akilifanya kwa kubahatisha, kiwanda kililifanya kwa hesabu. Hata hivyo vijana wetu hawakuridhika. Barabara ya Lamu ilikuwa vumbi na tope hadi miaka ya karibuni ilipowekwa lami, na njia za vijijini bado ni zile zile. Aliyebeba makaa au magunia alichomelea pembe za chuma kwenye fremu na kuongeza shoki mbili nyingine, zikawa nne. Pikipiki hiyo ikiwa tupu huumiza mgongo. Ikiwa na mzigo husimama sawa.

Kwa hiyo anapokuja mtu na pikipiki ya zamani, nyuma yake kuna historia hiyo yote. Nitaeleza ya Bwana Shamba, kwa kuwa ni ya karibuni na nilipata muda wa kuifikiria. Alistaafu zamani, lakini kuanzia Tarasaa hadi Idsowe hana jina jingine. XL125 yake aliinunua kwa mnada mradi wake ulipofungwa. Kijana wake aliye Nairobi alitaka kumwagizia shoki kutoka Uingereza.

Nilimuuliza kwanza nani atakaa nyuma.

"Mama yenu," alisema. "Kliniki ya presha, Ngao. Na msimu wa maembe, gunia."

"Na wewe peke yako, Baba?"

"Siku nyingine zote ni mimi peke yangu. Ila mwanangu, usinifungie kitu kitakachonirusha. Mgongo huu si wa mwaka ule."

Majibu hayo mawili yalikata nusu ya maswali. Mtu mmoja mwepesi siku nyingi, watu wawili na gunia siku chache. Springi moja ngumu ingemtesa. Springi moja laini ingemgongesha tairi kwenye madigadi akiwa na mkewe.

Urefu hauna mjadala. Nilisimamisha pikipiki, gurudumu la nyuma likining'inia, nikapima kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Nilipima zote mbili, maana shoki ya zamani huweza kukwama kabla ya kunyooka yote. Zikitofautiana, naiamini iliyo ndefu. Ukifunga shoki ndefu kuliko zile, nyuma huinuka, mbele husimama wima zaidi, na usukani huwa mwepesi kupita kiasi: kwenye udongo mweusi gurudumu la mbele huchimba na kukutupa. Cheni nayo huanza kuukwaruza mkono wa nyuma. Ukifunga fupi, pikipiki hukaa kitako, taa humulika miti, na tairi hupata nafasi ndogo chini ya madigadi. Tofauti ya sentimita moja naivumilia. Ya tatu siikubali hata mteja akisihi.

Za Uingereza tulizijadili kwa haki. Hagon, kwa mfano, ni watu wanaouliza uzito wa mpandaji kabla ya kuchagua springi, na hilo ni swali langu mwenyewe. Kama XL125 hii ingekuwa ya kuonyeshwa Mombasa au Nairobi, imeng'arishwa, ningemwambia kijana aagize leo. Lakini aina aliyoichagua ilikuwa na springi wazi na fimbo wazi, na ikifa wakati wa mafuriko tutasubiri tena meli na forodha. Za kiwandani za enzi ile, mpya ndani ya sanduku lake, wapo wanaozitafuta. Mimi siziamini. Mpira wa sili huzeeka hata bila kutumiwa, na nimefungua masanduku nikakuta karatasi imelowa oili.

Nilichagua za pikipiki ya kazi ya Kihindi, urefu ule ule, springi ndani ya springi. Kabla ya kununua nilizishika dukani. Shoki iliyolala rafuni muda mrefu huingiza hewa kwenye oili, kwa hiyo naisimamisha wima kwanza, naisukuma na kuivuta mara kadhaa mpaka hewa ipande juu. Kisha nasikiliza kwa mikono: kuivuta lazima kuwe kugumu kuliko kuisukuma, na pasiwe na mahali inapoteleza tupu. Jozi moja iliyonileta dukani kwa bei ndogo iliteleza tupu robo nzima ya safari yake. Niliirudisha rafuni.

Mabushi hayakulingana na vyuma vya fremu ya Honda. Fundi wa lethi wa Malindi alinitengenezea mikono midogo ya chuma ya kuziba nafasi, akaikata kwa kipimo, si kwa jicho. Watu hudharau kipande hicho. Bushi ikicheza hata kidogo, kila shimo huligonga tundu la shoki kama nyundo, na fremu ndiyo inayopasuka.

Halafu kule kuinama. Shoki hizi ziliundwa zisimame karibu wima. Zikilazwa kama za XL, gurudumu hutembea zaidi kuliko shoki, kwa hiyo springi ile ile huhisi laini kuliko ilivyo kwao. Kwa Bwana Shamba hilo lilitusaidia, kwa sababu springi za boda ni ngumu na yeye ni mtu mwepesi. Kulazwa kulizipunguza makali. Lakini sikutegemea maneno. Nilimkalisha, nikapima kushuka. Mpandaji anapokaa, nyuma ishuke kama theluthi moja ya safari yake yote, isizidi sana. Ikishuka kidogo mno atarushwa, ikishuka nusu hakuna kitakachobaki kwa ajili ya shimo. Tukaongeza gunia la sukari la kilo 50 kutoka duka la jirani, kadiri ya mkewe, tukapima tena, nikakaza kola ya springi hatua moja. Gunia likarudi dukani bila kufunguliwa.

Makopo ya bati hazikuwa nayo. Nilikata tyubu ya tairi la nyuma, nikaivalisha kila shoki kuanzia juu, chini nikaiacha wazi ili maji yatoke, kwa kuwa tyubu iliyofungwa chini hukusanya tope na kuwa mbaya kuliko kukosa. Nilimwonyesha mzee namna ya kuikunja juu kila akivuka maji, kuiosha fimbo kwa maji safi, kuikausha, na kuipaka grisi kidogo kwa kidole.

Kijana wake alipiga simu kuuliza kama zinapendeza. Baba yake alimwambia aje azipande.

Zile za zamani sikuzitupa. Fimbo ya moja ni nzima, haina kidonda hata kimoja, na mwili wake unaweza kufunguliwa ukatiwa sili mpya na oili inayofaa. Kuna AG100 ya Tarasaa ambayo mwenyewe ameulizia shoki tangu mafuriko ya mwisho, na huenda mwili huo ukamfaa. Nimemwambia asije na pikipiki peke yake. Aje na keria yake ya nyuma, na kile anachokusudia kukifunga juu yake.